Kung'oa Kromu za MGB: Kisa cha Gari Moja la Mombasa

Mara ya kwanza kuuona ule mstari ilikuwa jioni, tumesimama Mama Ngina, jua linashukia upande wa Likoni. Mpwa wangu alikuwa ameniita nije nilitazame gari lake, na alivyosema "ulitazame" alimaanisha nilisifu. Miezi mitano nyuma lilikuwa limetoka kwa fundi limevuliwa kanda za kromu za ubavuni, nembo za nyuma, na vile vipembe viwili vinavyosimama juu ya bampa ya mbele. Saa sita mchana hungeona lolote. Lakini jua la jioni hulala juu ya bati kama kurunzi iliyowekwa sakafuni, na ubavu wote wa kulia ukatoa mstari mwembamba kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Juu ya mstari palikuwa na vipele, kimoja kila baada ya shubiri au zaidi kidogo. Nikavihesabu, vikafika tisa.

"Ni vumbi hilo, Mjomba."

Nikapitisha kidole. Vumbi halina kichwa.

Nimefanya kazi ya bati na rangi miaka mingi kabla macho hayajaanza kunichezea, na hata sasa vijana hunijia na swali lilelile: nifanyeje gari langu la zamani liwe safi, lisiwe na makorokoro? Kila mmoja ana picha kwenye simu, gari la Ulaya lililonyolewa likabaki laini kama yai. Picha haisemi gari lile hulala wapi usiku. Hili la mpwa wangu hulala Tudor, hatua chache kutoka mkono wa bahari, na kisa chake chote kimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Gari lenyewe

Ni MGB GT ya 1972. MGB ilianza kuundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, ikiwa gari la wazi la viti viwili. GT, yenye paa la bati na mlango wa nyuma unaoinuka, ikafuata 1965, na umbo la paa hilo lilipita mikononi mwa Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia. Injini ni ya lita 1.8, ya kawaida kabisa, haina makuu. Ilipofika 1974 bampa za kromu ziliondolewa na kiwanda chenyewe: kanuni za Marekani zilidai bampa zinazostahimili kugongwa, zikaja bampa nene nyeusi za mpira, na gari likanyanyuliwa kidogo kutoka barabarani. Yakaendelea kutoka hivyo hadi 1980. Nayataja haya kwa sababu mpwa wangu alipoanza kusema anataka "kulirudisha gari kwenye usafi wake", nilimwambia usafi huo haukuwahi kuwapo. Kiwanda kilikuwa kikiongeza hiki na kupunguza kile miaka yote.

Kwetu magari haya ni yaleyale yaliyobaki. Kanuni ya miaka minane, inayokataza kuingiza nchini gari lililozidi umri huo, imefunga mlango wa kuagiza gari kuukuu, kwa hiyo MGB unayoiona Kenya kwa kawaida ni iliyokuwapo, imepita mkono hadi mkono. Hii ilikaa bara miaka mingi, ikashuka Mombasa ikiwa na bati zima kuliko nilivyotarajia. Nililala chini nikaligonga kwa kifundo cha kidole kutoka mbele hadi nyuma, likalia kama sufuria nzima. Kutu iliyokuja baadaye ni yetu sisi.

Kanda za ubavuni ni vipande vitatu kila upande: cha madigadi ya mbele, cha mlango, na cha nyuma. Sote tunaziita kromu, lakini ukiushika ukanda mkononi ni bati jembamba la stenlesi, limekunjwa kingo zake kwa ndani. Unakaa juu ya mkunjo mwepesi wa bodi, na umeshikwa na klipu ndogo zilizopigwa riveti. Kila riveti ina tundu lake. Yaani kabla gari halijatoka kiwandani, ubavu wake ulikuwa tayari umetobolewa mara kadhaa, na kilichofunika matundu hayo ni ukanda wenyewe. Nembo nazo ni hivyohivyo: zina vijiti vidogo nyuma vinavyopenya bati. Vipembe vya bampa vimefungwa kwa bolti, navyo vikitoka huacha tundu, ila tundu hilo liko kwenye bampa, na bampa hufunguliwa ikawekwa kando.

Tofauti hiyo nitairudia, maana ndiyo iliyomponza mpwa wangu. Alivihesabu vitu vitatu hivi kuwa kazi ya aina moja.

Lazima niseme pia kwamba ladha yake ilitushangaza. Sisi ni watu wa kuongeza. Tazama matatu yoyote inayoingia mjini kutoka Bamburi, kama kuna nafasi ya kiganja isiyo na taa, maandishi au kromu. Hata gari la michezo katika akili ya mtu wa rika langu ni Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally 1971, ikashinda tena 1973: taa kubwa mbele, matope mpaka juu ya paa. Kijana kulichukua gari zuri akaanza kulivua! Dada yangu, mamake, alitoka kibarazani siku ile akalizunguka mara moja, akauliza, "Sasa hivyo ulivyovitoa ni vipuli au ni vipuri?" Tulicheka. Ila sijasikia swali zuri kuliko hilo juu ya jambo hili. Kipuli ukikivua sikio linabaki na tundu, na hakuna anayejali. Gari si hivyo.

Kazi ya kwanza

Nembo alizitoa mwenyewe nyumbani, na hapo nampa maksi. Ile ya "GT" vijiti vyake vilishavunjika zamani, ikawa imeshikwa kwa gundi ya tepu ya pande mbili. Alichukua mshipi wa kuvulia samaki, akaupitisha nyuma ya nembo, akausokota ncha kwenye vijiti viwili vya mti, akawa anavuta huku na huku kama anayekata sabuni, gari likiwa juani ili gundi ilainike. Ikatoka bila mkwaruzo. Mabaki ya gundi akayasugua kwa kidole na mafuta ya taa kidogo. Nembo nyingine akazisukuma kutoka ndani, klipu moja moja.

Kanda za ubavuni akampelekea fundi kisiwani, ambaye simtaji, na kwa kweli sina la kumlaumu sana: alifanya alichoambiwa kwa pesa alizopewa. Elfu kumi na nane, siku tatu. Ukanda wa mlango wa kulia aliuinua kwa bisibisi kutoka katikati, ukapinda, na stenlesi nyembamba ikishapinda hainyooki tena sawasawa. Vingine vikatoka vizima. Akazikata riveti kwa patasi, akapiga msasa kuzunguka matundu, akajaza pati, ule uji mzito wa kuzibia unaoganda, akasawazisha, akapiga praima, yaani rangi ya kutangulia, kisha rangi yenyewe kwenye utepe wa upana wa kama kiganja, halafu akaisugua ichanganyike na rangi ya zamani juu na chini.

Kwenye kuchanganya rangi ndipo mstari ulipozaliwa. Gari hili lina rangi ya bluu inayokwenda kijani, ambayo kiwanda kiliiita Teal Blue, na limewahi kupigwa rangi upya angalau mara moja. Aliyelipiga hakutoa kanda. Alizifunika kwa tepu ya karatasi akapuliza juu yake, kama wanavyofanya wengi. Kwa hiyo chini ya ukanda palikuwa na rangi nyembamba ya zamani, na pembeni pake matabaka yaliyoongezeka, yakiacha kingo mbili kama ukingo wa zulia. Ukipapasa gizani utazihisi. Tena rangi ya chini ya ukanda haikuwahi kuona jua. Ya nje imechujuka, imepauka, imesuguliwa nta mara elfu. Ya ndani imebaki na wekundu wa ujana wake, ukiniruhusu kuisemea bluu hivyo. Huwezi kupuliza utepe mwembamba katikati ya rangi mbili za umri tofauti ukategemea jicho lisitambue. Mchana mwanga unakuja kutoka juu na kukuficha. Jioni unakuja kutoka ubavuni.

Hilo ni kosa la sura. Vipele vilikuwa kitu kingine.

Kilichokuwa nyuma ya pati

Niliwaomba wasinitolee maneno, tuchimbe kipele kimoja. Tulichagua kilicho katikati ya mlango. Nilikitoboa kwa ncha ya kisu, kikatoa tone la maji ya rangi ya chai. Nikaendelea kuchokoa mpaka kizibo chote cha pati kikachomoka kizima kutoka kwenye tundu, umbo la ganda la njugu. Upande wa nje kilikuwa cheupe na kikavu. Upande wa ndani kilikuwa kahawia, kimelowa, na ukikibana kwa kucha kinaacha alama.

Pati ya kawaida ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe laini. Ikifunikwa vizuri na rangi pande zote hukaa miaka. Lakini inanyonya maji, na pati iliyojazwa kwenye tundu lililo wazi kwa nyuma ina uso mmoja uliopakwa rangi na mwingine unaotazama ndani ya mlango. Ndani ya mlango wa gari ni pahali pa maji. Mvua huteremka kwenye kioo, ikapita kwenye mpira uliozeeka, ikashuka ndani na kutakiwa kutoka kwa vitundu vya chini. Vya mlango huu vilikuwa vimezibwa na mchanga na nta kuukuu. Masika yalipokuja, mlango ukawa mtungi.

Na hapo ongeza chumvi. Kusi ikivuma huku kwetu, unaweza kuandika jina lako kwenye kioo cha gari asubuhi kwa kidole, na kidole ukikilamba ni chumvi. Ukanda wa stenlesi uliokunjwa kingo ni mfereji mzuri wa kuihifadhi chumvi hiyo: umande huiyeyusha, jua hukausha maji, chumvi hubaki, kesho inaongezwa nyingine. Halafu kuna mambo ya metali mbili. Stenlesi na bati la kawaida vikigusana penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na aliye dhaifu ndiye anayeliwa. Dhaifu hapa ni bati. Mbaya zaidi, bati lililo wazi ni duara dogo tu kuzunguka tundu la riveti, ambapo rangi ilikwanguliwa tangu siku ya kwanza, na stenlesi ni ukanda mrefu. Kikubwa kinapokula kidogo, ulaji ni wa haraka. Ndiyo maana utakuta gari la Pwani lina bati zuri kila mahali, lakini ukiinua ukanda kila klipu imezungukwa na pete ya kutu.

Fundi wa kwanza alizikuta pete hizo. Alizipiga msasa hadi zikapoteza wekundu juu, akaweka pati. Kutu iliyobaki kwenye mashimo madogo ya bati ikapata maji kutoka nyuma, ikavimba, na kutu inapovimba huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikasukuma. Pati ikainuka, rangi ikainuka nayo. Tisa kulia, kushoto tulikuja kukuta sita.

Kwa hiyo nikimjibu anayeuliza kama kromu ya ubavuni inafaa kutolewa Mombasa, jibu langu huanza mbali na uzuri. Inafaa kutolewa hata kama utairudisha, maana chini yake kuna jambo linaendelea ambalo hulioni. Mpwa wangu, bila kukusudia, alifungua jeraha ambalo lingefika siku moja litoboe lenyewe. Kosa lake lilikuwa kulifunga na uchafu ndani.

Kazi ya pili

Fundi wa pili yuko ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa Kisauni, karakana ya mabati chini ya mwembe. Nilimfuata yeye kwa sababu ana mashine ya kuchomelea ya waya na hatumii gesi kwenye bati la mlango. Moto wa gesi ni mpana. Bati la gari kama hili halifiki unene wa milimita moja, ukilichoma kwa gesi linatanuka, likipoa halirudi lilipokuwa, na unabaki na mlango unaopumua ukiubonyeza, tik-tok, kama mfuniko wa debe.

Alipoambiwa ni kuziba matundu tu alitikisa kichwa. "Mzee wangu, si matundu. Ni ubavu." Alitaka apewe gari zima, vioo vimeshushwa, vitambaa vya ndani vya milango vimetolewa, betri imefunguliwa, na tangi la petroli limeshushwa kabla hajasogeza moto nyuma, kwa kuwa tangi la MGB liko chini ya sakafu ya buti. Bei yake ilikaribia mara tano ya ile ya kwanza. Mpwa wangu akanitazama. Nikatazama mwembe.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la moto. Alikata karatasi ndefu ya kufungia mizigo, akaibandika ubavuni, akasugua kalamu ya mkaa juu yake mpaka kila tundu likajichora. Akaandika umbali kutoka ukingo wa mlango na kutoka tao la gurudumu. Vipande sita, vitatu kila upande, akavikunja na kuviweka pamoja na kanda zilizotolewa. Alisema atakayelinunua gari hili kesho anaweza kutaka kromu zake, na kanda mpya za MGB bado hupatikana Uingereza, lakini tundu likikosea kwa milimita tatu ukanda mzima utaonekana umelewa. Sikuwahi kufikiria hivyo katika miaka yangu yote ya kazi. Nilikuwa nikiziba na kusahau.

Kisha pati yote ikatolewa na rangi ikashushwa hadi bati jeupe, utepe wa upana wa mikono miwili. Kuzunguka kila tundu alichimba mpaka kutu ikaisha, na matundu mengi yalikuwa madogo bado, yanaingia njiti ya kiberiti. Mawili yalikuwa yameliwa yakafika ukubwa wa sarafu ya shilingi. Hayo aliyakata mraba, akatengeneza kiraka cha bati la unene uleule.

Kwa matundu madogo alikuwa na bonge la shaba lililonyooshwa, urefu wa kidole, lenye mpini wa waya. Mwanawe analishika nyuma ya tundu likiwa limebanwa barabara kwenye bati. Baba anagusa kwa mashine mara moja, sekunde moja hivi, anaacha. Chuma kilichoyeyuka hakishiki kwenye shaba, kwa hiyo tundu linajaa na nyuma panabaki sawa. Hagusi tundu la pili lililo jirani. Anakwenda mwisho wa ubavu, anagusa moja huko, anarudi mbele, anagusa jingine, na katikati ya safari anaweka kiganja kwenye bati kuhakikisha limepoa. Ilichukua karibu siku nzima. Ukitazama kwa mbali ungedhani mzee anatafuta kitu alichoangusha.

Kusaga alifanya kwa diski laini, kwa vipindi vifupi, halafu kwa tupa, akimaliza kwa kiganja. Hapa alinionyesha jambo ninalolijua lakini napenda kuliona likifanywa: hakupapasa kwa mkono mtupu. Aliweka kipande cha kanga kati ya kiganja na bati, akavuta taratibu. Kitambaa huondoa ile nata ya ngozi, na unene wa unywele tu utauhisi.

Bati jeupe halikulala hivyo hata usiku mmoja. Kwa hewa hii asubuhi lingeamka na wekundu. Siku ileile likapata praima ya epoksi, nje, na kwa ndani kila panapofikika. Pati ilikuja baada ya epoksi, nyembamba, ikasawazishwa kwa ubao mrefu unaokwenda na urefu wa gari. Kabla ya kusugua alipuliza vumbi la rangi nyeusi juu yote: ukipitisha ubao, weusi unaobaki ndio bonde, weusi unaotoweka kwanza ndio kilima. Ule mkunjo mwepesi wa bodi ndio uliomtesa. Ubao ukiegemea kidogo, mkunjo unafutika, na bila ukanda juu yake huo mkunjo ndio kitu pekee kilichobaki ubavuni.

Rangi ilisubiri. Masika hayakuwa yameisha, na alikataa katakata. Tulipofika siku za ubaridi, mvua zimepungua, alianza saa nne asubuhi, umande umekauka na upepo haujashika. Maji ya tangi la kompresa yalimwagwa kabla, yakamwagwa tena katikati ya kazi, na kila mara yalitoka kikombe kizima. Maji hayo yasipotoka yanapita kwenye mpira wa hewa na kuishia ndani ya rangi. Alipuliza ubavu mzima, taa hadi taa, pande zote mbili, kwa rangi ya kuchanganya na kemikali ya kukaushia, bila kujaribu kuificha mipaka katikati ya bati. Mipaka iliishia kwenye kingo za paneli, pahali jicho limezoea mpaka. Mwisho akapuliza nta ndani ya milango na nyuma ya madigadi, akazibua vitundu vya chini kwa waya wa baiskeli. Kutoka mlango wa kulia ulitoka mchanga wa kujaza kibweta.

Upande wa serikali hakukuwa na la kufanya. Rangi imebaki ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Angebadilisha rangi ingempasa kuipeleka habari hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Je, limependeza?

Hapa tunatofautiana, mimi na mpwa wangu, na hatujaelewana mpaka leo.

Ukilitazama kutoka mbele kwa pembeni, limependeza. Madigadi yanakwenda hadi mlangoni bila kukatwa, na mkunjo, uliokuwa umefichwa na ukanda, unashika mwanga wenyewe. Ukisimama ubavuni sawasawa, ndivyo sivyo. Ukanda ulikuwa unaugawa ubavu sehemu mbili, ukilifanya gari lionekane refu na la chini. Umetoka, mlango umekuwa kipande kimoja kirefu kwenda juu, na kwa GT, yenye paa na vioo vikubwa, tumbo limeonekana nene. Isitoshe bampa bado ni kromu mbele na nyuma, na zamani ukanda ndio uliokuwa unaziunganisha. Sasa kila bampa imebaki peke yake kama mtu aliyefika harusini siku si yake.

Vipembe vya bampa ndivyo vilivyoleta faida kubwa kwa gharama ndogo. Pua imekuwa nyepesi mara moja. Matundu mawili kwenye bampa aliyaziba kwa bolti zenye kichwa cha duara kilichong'arishwa, na vipembe vimo ndani ya boksi. Nusu saa na spana vinarudi. Mtu akinijia leo na gari la aina hii ningemwambia aanze na hivyo, aishi navyo mwezi mzima, apige picha jioni na asubuhi. Kisha achukue tepu ya karatasi, aipake rangi inayokaribiana na ya gari, aibandike juu ya kanda za ubavuni bila kung'oa chochote, asimame hatua ishirini. Macho yatamwambia ukweli kwa gharama ya tepu. Bado akitaka, ang'oe, lakini ajue ameshanunua kazi ya kuchomelea na rangi ya ubavu mzima. Kazi ya pati peke yake haipo. Ipo mkopo tu, na masika ndiyo hudai.

Mpwa wangu anasema ningekuwa kijana ningeona anavyoona yeye. Inawezekana. Nimemwona alivyolipaki karibu na Fort Jesus Jumapili moja, watu wanapita wanarudi nyuma kulitazama tena, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kanda ziko wapi. Dada yangu ndiye pekee anayeuliza. Kanda zenyewe ziko chini ya kitanda chake, zimefungwa kwenye kanga kuukuu pamoja na zile karatasi za mkaa, na ule uliopinda umewekwa juu ili usilaliwe na mizigo.

Limebaki tundu moja. Nyuma ya gurudumu la kushoto, karibu na taa, pana bati la ndani linalozuia mkono, na lile bonge la shaba halikufika. Fundi alilijaza bila kitu nyuma, akasema wazi hana hakika na upande wa ndani, akapuliza nta nyingi kupitia tundu la taa akitumaini imefika. Mpwa wangu amepakumbuka pahali hapo. Kila Ijumaa akishaliosha gari, kabla hajakausha kioo, hupita upande huo na kipande cha kanga mkononi.